Televisheni ya Peke Yako

Siku Profesa alipogundua kuwa kuna programu ya bure inayoonyesha mpira kwenye kompyuta, hakumwambia mtu. Alifunga mlango wa kibanda chake cha intaneti, akacheka peke yake, kisha akatoka kututafuta sisi tunaojiona wajanja.

"Kaka, hii nakupa wewe tu, mtaa mzima," alimnong'oneza kinyozi huku akimvutia waya hadi kwenye kompyuta ya dukani kwake. "Jirani akijua, nimekwisha."

Maneno hayo hayo alimwambia fundi cherehani, muuza dawa, na mimi ninayewacheka wenzangu hapa. Tukalipa sote. Wiki nzima tulitazama mpira mapazia yamefungwa, sauti chini, goli likiingia tunashangilia kwa kung'ata shati. Ujanja una kazi zake, jamani.

Ila programu ile ilikuwa na tabia yake: kila kompyuta ilipokea kipande cha picha, ikampokeza jirani. Profesa aliyaona hayo, akayaruka kama tunavyoyaruka sote maandishi madogo.

Ikaja fainali. Mama mkwe wake, mwenye jengo, alikwishamwambia: ukumbi wa nyuma ya kibanda usipojaa leo, kesho anampangisha mtu mwingine. Profesa akapita duka kwa duka.

"Shemeji, laini imeharibika. Zima kompyuta isije ikaungua. Njoo ukumbini, kiingilio nitakupunguzia."

Tukazima. Saa tisa alasiri tulikuwa tumebanana ukumbini, mama mkwe kiti cha mbele, ameridhika. Mpira ukaanza. Mchezaji akainua mguu, akabaki hivyo hivyo dakika saba.

"Huyo anapiga au anapigwa picha?" muuza dawa akauliza.

Profesa akayakumbuka yale maandishi madogo. "Ndugu zangu, picha inatoka kwenu. Nendeni mkawashe, halafu mrudi."

"Kwetu?" Kinyozi akageuka. "Sisi na nani?"

Tukatazamana, kila mtu akikumbuka pazia la mwenzake.

Tukaenda, tukawasha. Nani arudi? Milango ikafunguliwa, viti vikatoka nje, sauti juu. Ukumbini picha ikang'aa kama kioo mbele ya Profesa na mama mkwe wake. Ila sasa Profesa ndiye alikuwa wa mwisho kupokezwa, picha ikimfikia imechelewa. Mshambuliaji bado anaufukuzia mpira katikati ya uwanja, kelele za goli zikalipuka kwa kinyozi.

Mama mkwe akachukua mkoba.

"Mama, subiri kidogo, goli linakuja."

"Mwanangu, huko limeshaingia," akasema, akatoka.