Itifaki ya Tope la Bahari

Kwa fahari isiyo kifani, naujulisha umma kwamba Uganda, nchi isiyopakana na bahari yoyote, sasa ina tope lake la bahari. Limo katika bomba moja la mita tatu, lililochimbwa na wafadhili chini ya bahari ya kusini kabisa mwa dunia, na linaishi orofa ya sita, mtaani Nakasero, katika Kurugenzi ya Barafu ya Kale. Mkurugenzi ni mimi. Kazi ya tope hilo ni kutueleza jinsi mabamba makubwa ya barafu yalivyoenenda kabla sisi hatujakuwepo kuyasimamia.

Aliyelisoma ni Bi Maimunah, fundi wetu wa maabara, Mnubi wa Bombo, mwenye wajukuu wanne na mkataba unaokwisha Ijumaa. Alitueleza kwamba barafu ikibomoka, mapande yake huelea baharini yakiwa yamebeba kokoto. Yakiyeyuka, kokoto huzama topeni. Tabaka lenye kokoto nyingi ni la wakati barafu ilipobomoka sana. Mpaka hapo tulielewana vizuri.

Tatizo lilikuwa vibandiko vyake. Chini kabisa ya bomba aliandika "la kale", na juu akaandika "jipya". Nilishtuka. Katika ofisi ya serikali, mdogo anamkaliaje mkubwa kichwani? Niliitisha Kamati ya Itifaki. Ilikaa siku tatu, ikamaliza sambusa, ikaamua kwa kauli moja kwamba heshima irudishwe: vibandiko vibadilishwe, tope la juu litambuliwe kuwa ndilo la kale.

"Ssebo, bwana mkubwa, hii tope haijui cheo," alisema Maimunah. "Ile ya chini ilianguka kwanza. Angalia hata mafaili kwa meza yako. Ile iko chini kabisa, si ndiyo ilikuja kwanza?"

Nilimfahamisha kwamba faili la chini kabisa mezani pangu sijawahi kulifikia, kwa hiyo kiutawala bado halijaja.

"Sasa mkataba yangu?"

"Weka sahihi kwenye ripoti yenye vibandiko vya Kamati, nami niweke kwenye mkataba."

"Niseme uongo kwa hii umri yangu? Banange! Heri nirudi Bombo nisuke vikapu."

Roho iliniuma, lakini nidhamu ni nidhamu. Nilimteremsha stoo, kule chini kabisa, akaisubiri Ijumaa pamoja na viti vilivyovunjika. Ripoti nikaisaini mwenyewe. Kokoto zilikuwa nyingi juu, na kwa kuwa juu sasa ndiko kale, ilidhihirika kwamba barafu ilibomoka zamani hizo na siku hizi imetulia, ina adabu zake. Waziri alifurahi mno. Akatoa waraka kwa idara zote: "Kilicho juu zaidi ndicho cha kale zaidi. Utekelezaji uanze mara moja."

Alhamisi aliingia Jalia, ofisa wa watumishi.

"Mzee, tumeambiwa tustaafishe wale wa zamani kabisa. Nani iko juu zaidi hapa?"

"Mimi," nilijibu, nikiweka tai sawa.

Akanikabidhi barua ya kustaafu. Nilimwonyesha makaratasi yangu: nina miaka hamsini na minne, na nimekuwa nayo kwa miaka saba sasa. Yeye akanionyesha waraka.

"Hapa wewe ndiyo wa kale. Yule mama ya stoo ndiyo kijana wetu. Tumempa mkataba ya miaka ishirini."

Nilishuka ngazi mbio hadi stoo, nikamsihi Maimunah aniandikie ukweli. Sikuficha kwamba ukweli huo ungeweza kumrudisha uzeeni na kumnyang'anya mkataba wenyewe. Akachukua kalamu.

"Tope ni tope, ssebo," alisema, akaandika: "Cha chini ndicho cha kale. Nilisema tangu mwanzo."

Nikapanda tena nikihema. Jalia aliisoma karatasi mara mbili.

"Sawa, Mzee. Kama hii ni ukweli, wewe si wa kale. Lakini basi ile ripoti ulisaini ni uongo. Chagua: uko mzee ama uko mwongo?"

"Mzee anapata nini?"

"Sherehe na keki."

"Na mwongo?"

"Mwongo tunampandisha cheo. Lakini huko juu wamejaa, Mzee. Nafasi hakuna."