Mtoki wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nafasi moja tu! Kijiji chetu hapa Nyansurura kitampeleka msichana mmoja Mugumu kusomea uhudumu wa afya. Wagombea: mimi na Agustina, binti wa jirani. Nikikosa, nitalima shamba la kijiji nikisimamiwa na shangazi. Afadhali kifo.

Ijumaa, mbele ya kijiji kizima, mganga wa zahanati atatuuliza jinsi mwili unavyojikinga. Nimesoma limfu. Maji yanayovuja kutoka mishipa ya damu, yakaokotwa na mirija yake yenyewe na kurudishwa. Hayana moyo wa kuyasukuma. Husukumwa na misuli tunapotembea. Njiani kuna tezi, kinenani, kwapani, shingoni. Kila tezi ni kama balozi wa nyumba kumi: hakuna mgeni anayepita bila kuulizwa katoka wapi. Kijidudu kikionekana, chembe nyeupe za damu zinaitwa, zinaongezeka, tezi inavimba. Mfumo unaomshuku kila mtu! Nimeupenda.

Jumanne, 5 Agosti

Agustina kanisalimia akitabasamu. Wiki ya mtihani! Ana jambo.

Jioni nilivua viatu nisisikike, nikajibanza nyuma ya ua wao wa miiba nisikilize anasoma nini. Hakusoma. Aliimba na kuosha vyombo. Anaficha! Baba yake akatoka na rungu akifoka kwamba kuna fisi anahema. Nikakimbia. Kitu kilinichoma unyayoni. Si kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Uvimbe kinenani, upande wa kulia. Mkubwa kama yai la kanga. Nachechemea. Mama amesema ni mtoki, akauliza nimeumia wapi. Nikasema sijaumia popote. (Ningesemaje?) Akaiangalia miguu yangu yote miwili. Hata yeye simwelewi siku hizi.

Nimefikiri sana. Jana Agustina alinipa karanga za kukaanga. Bila kuombwa! Nikala konzi mbili. Sumu, hakuna jingine. Mpango: nitajibu maswali kwanza, kisha nimshtaki mbele ya wote.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilijibu vizuri mno. Nilieleza kwamba limfu ya mguu hupanda hadi tezi za kinena za upande uleule, na kwamba uvimbe ni dalili ya mapambano huko chini. Mwenyekiti, Mzee Wangwe, aliacha kusinzia. Bwana Mniko, mganga, akasema hajawahi kusikia maelezo safi namna ile.

Hapo nikasimama. Nikataja karanga. Nikataja mtoki.

Bwana Mniko akauliza upande gani. Kulia. Akaniomba nivue kiatu cha kulia. Nikavua cha kushoto. Akasema kwa upole kwamba njia nimeieleza mimi mwenyewe dakika chache zilizopita.

Mwiba! Mrefu, mweupe, na usaha wake. Mama akasema mbele ya wote kwamba nilimwambia sijaumia popote. Baba yake Agustina akauinua juani akasema anaujua: kijiji kizima ni yeye peke yake mwenye ua wa mgunga. Agustina alicheka mpaka akakaa chini, akapaza sauti:

“Jamani! Kumbe fisi wetu amefika kidato cha nne!”

Watu waliangua kicheko. Mzee Wangwe alijifuta machozi kwa kofia. Nafasi kapewa Agustina. Mimi nimepewa sindano, na jembe nikishapona. Bwana Mniko kasema kichwa changu kizuri, ila mgonjwa hawezi kutibiwa na mtu anayemdanganya hata mama yake kuhusu unyayo.

Jumapili, 10 Agosti

Mtoki unapungua. Nimetafakari kwa kina, na kosa si langu. Nimesalitiwa na tezi yangu mwenyewe. Sasa najua hata ndani ya ngozi kuna wasiotunza siri.

Agustina kaja kuniaga. Akanisafisha kidonda, akanifunga kitambaa, akasema, “Pole, dada, nitakutumia vitabu nikimaliza kuvisoma.” Akaacha kibuyu cha maziwa mgando. Kibuyu kizima! Mshindi ana haja gani ya kunipa maziwa?

Nimeyanywa yote nijue katia nini. Ni matamu sana. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.