Mwaliko wa Mtaa Mmoja Tu

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Maulidi ya ukoo mwaka huu yanasomwa kwangu. Binamu yangu Shihab wa Zinga, anayeyaandaa kila Mfungo Sita na kusifiwa mpaka masikio yananiuma, anaezeka upya nyumba yake. Alhamdulillahi kwa paa bovu. Wiki ijayo ukoo utachagua mwenyeji wa kudumu. Nataka niwe mimi. Nimeutaka uenyeji huu tangu niote ndevu.

Mpango: wageni wachache, chakula kingi. Shihab hualika pwani nzima. Mimi nitaalika mtaa wetu tu, hapa Bagamoyo, wanakokaa wazee wenye kauli. Kila mmoja atarudi kwake ameshika tumbo, na tumbo litanipigia kampeni. Shadya, mke wangu, kauliza ni maulidi gani hayo ya ukoo bila ukoo. Nimemjibu kwamba wengine watapata habari.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Hajra, binti wa marehemu kaka yangu, mwalimu wa kompyuta. Ndiye aliyetutengenezea Jamvi baada ya lile kundi letu la kwenye simu kuvunjika kwa ugomvi wa nani kamtoa nani. Jamvi ni ukumbi wa mazungumzo wa mtindo wa kale, kama zile za kabla tovuti hazijazaliwa. Hakuna mkubwa wake. Kila mahali pana mashine na mtunzaji: Bagamoyo ni Hajra, Mlingotini ni Bi Sikuzani, Zinga ni Shihab (nani tena!), na Chalinze ipo moja ya jamaa wa barabarani. Ukiandika ujumbe, mashine yako inampa jirani, jirani anampa jirani yake.

Hajra kaniamkia, kanikalisha, kanieleza jambo tamu. Juu ya kila ujumbe pana mstari wa mpaka. Unaandika mtaa, mji, pwani au dunia, kuonyesha ujumbe uishie wapi. Uzio! Ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta! Akaendelea kueleza, kitu kuhusu watunzaji na hiari yao, lakini halua ilikuwa imeshaletwa, na mtu hawezi kutafuna na kusikiliza vyote kwa heshima.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeandika mwaliko. Mzuri mno, nimeusoma mara kadhaa kwa sauti. Chini nimeongeza maneno machache, kwa upole kabisa, kwamba safari hii nyama haitatafutwa kwa tochi kama ilivyokuwa kwa Shihab mwaka jana. Mpaka: mtaa. Kwa hiyo si kusengenya. Ni mazungumzo ya nyumbani.

Nimelala mchana kama mtoto aliyenyonya.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Sikuzani kapiga simu kutoka Mlingotini. Shukrani nyingi kwa mwaliko, watakuja wote, na kikundi cha dufu wanacho. Nikamwambia karibuni. Ningemwambia nini? Nikatoka mbio kwa Hajra na kandambili zisizofanana.

Hajra kasema alinieleza juzi. Ule mstari si uzio, ni ombi. Kila mtunzaji anajipangia mwenyewe mipaka ipi apokee na ipi apitishe. Bi Sikuzani kazaliwa mtaani kwetu, hataki kupitwa na neno, kwa hiyo aliomba apelekewe kila kitu, hata cha mtaa. Na yeye kwake hazuii chochote. Zinga wameupata. Chalinze wameupata.

Nikampigia Bi Sikuzani, nikauliza kwa adabu kama hakuona neno mtaa. Kaliona. Kadhani nimeteleza! Kasema hajapata kumwona Muislamu wa pwani hii akaalika maulidi mtaa mmoja, na mwaliko ni amana, kuukalia ni kuwanyima watu thawabu. Basi kanisitiri: kafuta mtaa, kaandika dunia. Kaomba nisimshukuru.

Nimempa shikamoo, nikakata simu.

Ijumaa, 12 Septemba

Wazo! Hajra kasema ujumbe unaweza kutanguliwa. Unatuma ujumbe mwingine unaoomba ule wa kwanza ufutwe, nao unapita njia ileile kwa hiari zilezile. Siwezi kutangua mwaliko, ni aibu, lakini maneno ya tochi naweza. Nikaandika: tafadhali yafutwe maneno yangu juu ya nyama ya Shihab.

Matokeo: waliokuwa hawajayasoma wameyatafuta. Chalinze wameuliza ni tochi ya aina gani.

Shadya kasema niongeze mchele. Nimemwambia wageni wa mbali huahirisha.

Jumapili, 14 Septemba

Hawakuahirisha.

Jana, siku ya maulidi, kosta mbili kutoka Chalinze. Mlingotini nzima na dufu zao. Watu wakajaa turubai, wakajaa baraza, wakajaa baraza ya jirani. Kasida nzuri, mrashi ukapita, ubani ukapanda, na mimi mlangoni nikimwambia kila mtu karibu huku roho imeshuka mpaka visiginoni. Masinia yakaanza kutoka. Safu ya kwanza wakala. Ya pili wakala nusu. Kisha Shadya akanionyesha sufuria: ukoko. Chakula kuwaishia wageni maulidini! Nilijifungia stoo na magunia. Kweli, nilitaka ardhi inimeze.

Nikasikia pikapu. Shihab! Kaja na masufuria ya pilau, bado ya moto, na vijana wa kuyashusha. Kumbe alipoona mwaliko wa dunia, alijua jiko langu halitatosha, akaanza kuchinja. Akawatangazia watu kwamba pilau ni yangu, ila imepikiwa kwake kwa kuwa kwangu pamejaa. Kisha akanisalimia kwa mikono miwili, akaniachia tochi kiganjani.

Machozi yalinilenga, nakiri. Nikakaa, nikala. Nyama tele. Nikaongeza. Jioni Shadya kaniarifu kwamba hakuna aliyedanganyika, pwani yote inazijua karafuu za Shihab.

Hata hivyo, nimeshiba vizuri sana.

Jumanne, 16 Septemba

Nimelitambua kosa lilipo. Kosa ni Bi Sikuzani! Mtu mwenye mashine ndiye mwenye neno, na mimi sina mashine. Nimembembeleza Hajra mpaka kanipa kompyuta yake ya zamani, na sasa mtaa una mtunzaji: mimi. Kaniasa nijaze taratibu, kwa kuwa safari hii si ombi, nitakachokiandika ndicho kitakachoingia na ndicho kitakachotoka. Nikamwambia nimesikia.

Nimejaza: kupokea, mtaa tu. Kupitisha, mtaa tu. Sasa nione nani atanirekebishia.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya uchaguzi wa mwenyeji, yote yanafanyika Jamvini. Asubuhi nimeweka jina langu na hotuba ndefu. Nimewasamehe wote, na Bi Sikuzani nimemtaja kwa jina. Mpaka: dunia. Nami sasa ni mtunzaji.

Adhuhuri: kimya. Hakuna jina jingine. Hakuna wa kunibishia. Shihab hakuthubutu hata kukohoa.

Shadya, ambaye simu yake bado inasoma kwa Hajra, kaniuliza kama nina hakika mashine yangu inazungumza na mtu. Nimemjibu kwamba heshima huwa haina kelele.

Alasiri: bado kimya. Nimesubiri kwa adabu, kisha nimejitangaza. Mimi ndiye mwenyeji wa kudumu! Sijapata kuona uchaguzi wenye amani namna hii, na moyo wangu umetulia tuli.

Shadya kasoma kitu simuni mwake, kavaa buibui, kafunika sinia la vileja kwa kitambaa kizuri, anakwenda Zinga kwa Shihab. Mke mwema huyu. Katikati ya furaha yetu, kamkumbuka aliyeshindwa.