Mbwa wa Macharia na Kidole Changu cha Mguu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Baridi, vumbi, hakuna hata jogoo. Nimevaa raba alizoninunulia Kamene na ile saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Kamene ni binti yangu, anashona suruali kiwandani huko EPZ Athi River, na kila jioni saa hii inamtumia hesabu yangu kwa simu yake. Mtoto niliyemfundisha kutembea sasa ndiye askari jela wangu.

Ni amri ya daktari wa kliniki ya sukari. Hatua elfu kumi kwa siku, la sivyo mguu wa kushoto utaenda ulikoenda mguu wa kaka yangu. Nzuki alikatwa wa kulia mwezi wa nane, chini ya goti. Kliniki yangu ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14.

Nimetembea hatua 212. Hapo ndipo lango la jirani yangu Macharia lilipo, na lango lilikuwa wazi. Mbwa watatu katikati ya barabara: Jimmy, Popi, na yule mweusi anayeitwa Kamanda. Hapa Mitaboni kila mtu hufungulia mbwa usiku na kuwafungia alfajiri. Macharia hufungulia tu. Alfajiri anawahi duka lake la hadiwea, la misumari na mabati, huko Tala, na kufungia anamwachia Mungu. Nimekimbia. Raba moja imebaki mdomoni mwa Kamanda. Wangechi, mke wa Macharia, amepaza sauti akiwa barazani: "Hana neno huyo, mzee. Anakusalimia tu."

Salamu gani hiyo ya kuchukua kiatu!

Nimefika nyumbani nikaona damu sakafuni. Nikaifuata mpaka kwa kidole changu kikubwa cha mguu wa kushoto. Nimekikata kwa jiwe na sikuhisi lolote. Angalau bahati moja leo.

Jumanne, 4 Machi

Wangechi ameirudisha raba. Imetafunwa kisigino. Ameomba radhi, lakini amecheka.

Nimefikiri sana. Fimbo ni ya washamba. Miaka ishirini na tisa nilisoma mita za maji mjini Machakos, nikaumwa mara tisa, kwa hivyo hakuna mtu wilaya hii anayejua mbwa kunishinda. Mbwa ni tumbo. Nimemwendea Ngui wa bucha, akanipa mifupa mfuko mzima. Aliuliza kama ni ya supu. Nikamwambia ni ya siasa.

Jioni nimewatupia. Wamekula. Kamanda ametikisa mkia. Kesho barabara ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Barabara si yangu. Jimmy, Popi na Kamanda wamelala langoni kwangu tangu jana, na wamewaita wenzao wanne wa sokoni. Nikifungua mlango, saba wanasimama. Nikifunga, wanalia. Mama Mumo, yaani Mbithe, yule mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu, amepita akasema tangu lini nimekuwa mchungaji. Yeye hupita kila alfajiri na kijiti chake, anasema, "Kamanda, lala," na Kamanda analala. Anaona ni kitu cha kujivunia.

Hatua leo: 61. Nimekaa kitini nikatikisa mkono kwa nusu saa. Saa ikasoma 900. Kumbe saa ni mjinga, haijui mkono wala mguu! Lakini bega likakataa. Kamene amepiga simu kuuliza kwa nini nimetembea kidogo. Nimemwambia kuna upepo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kushtaki kwa naibu chifu. Nimeenda kwa pikipiki, kwa sababu ya mbwa. Nilikuwa nimeandika barua ya kurasa mbili, yenye vichwa vya habari. Alisoma nusu, akasema niende nilete mashahidi. Chini ya meza yake mbwa wake mwenyewe alikuwa amelala, bila kamba, bila mnyororo, bila haya. Nikaona kesi imeisha kabla ya kuanza.

Mbwa huyo alikuwa akinilamba kidole chenye kidonda, maana nilikuwa nimevaa ndala. Sikujua mpaka nilipoinama kuokota barua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Macharia amenisalimia kwa heshima, akanikaribisha chai. Nimemwambia nitaona. Mama Mumo amenifuata nje akasema mambo haya ya mbwa ni madogo, nitoke naye saa kumi na mbili asubuhi, mbwa wanamjua. Nimemjibu kwamba mimi Maundu sijifichi nyuma ya rinda la mtu. Amenitazama, kisha akatazama kidole. Akasema nikioshe kwa maji ya chumvi. Ukunga haumtoki.

Lakini wakati wa mahubiri nilipata wazo. Wazo kubwa. Macharia ametoka Murang'a. Miaka kumi na nne ameishi na sisi, amejifunza kula muthokoi, amejifunza hata matusi yetu. Lakini jambo moja la Ukambani bado linamnyima usingizi, nalo ni kamuti. Watu wa huko wanaamini kila Mkamba ana uchawi wake mdogo juu ya kabati. Mimi nimezaliwa hapa, nina miaka sitini na sita, na sijawahi kuona kamuti kwa macho yangu. Hilo Macharia halijui.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetengeneza. Kibuyu cha zamani kilichokuwa jikoni. Kitambaa chekundu, nimekikata kutoka kwenye pazia la chumba cha mbele, upande usioonekana. Pembe ya mbuzi, kwa hisani ya Ngui. Ndani nimetia majivu na manyoya ya kuku. Kilikuwa kitu cha kutisha mpaka mimi mwenyewe nikakigeuzia ukuta.

Saa nane mchana, Wangechi akiwa sokoni, nimeenda kukitundika langoni kwao. Mbwa wote watatu wamenijia mbio, wakanilamba mikono, Kamanda akalala chali nimkune tumbo. Nikawafukuza. Nilikuwa na kazi.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Macharia hajaenda Tala siku mbili. Mbwa wamefungiwa kwenye stoo ya mbao, Wangechi anaogopa watarogwa wawageukie. Hakuna hata mmoja barabarani.

Hakuna mtu pia. Watoto wa shule wanazunguka kwa mto. Muuza maziwa anasimama juu kabisa kwenye lami na kupiga honi, tumfuate huko. Watu wanasema mwenye kufanya hivi ni mtu anayetembea peke yake alfajiri. Kwa hivyo siwezi kutembea peke yangu alfajiri. Hili sikuwa nimelipigia hesabu. Hatua: 88.

Jioni kumekuwa na maombi langoni kwa Macharia. Kile kitu hakikuwepo tena, kumbe Mama Mumo alijitolea kukiondoa wakati wengine wote wamekataa kukigusa. Pasta Musau ameniomba mimi, kama mzee wa kanisa, nifungue kwa sala. Nifanye nini? Nimesali. Nimeomba aliyefanya uovu huu mikono yake ikauke. Watu wakasema amina kwa nguvu sana, Macharia kuliko wote, na machozi yakamtoka. Tangu nirudi nimekuwa nikiangalia mikono yangu.

Mama Mumo amekuja baada ya hapo. Amebeba kitu ndani ya leso, akakiweka mezani. Kibuyu. Kimeoshwa, hakina pembe wala kitambaa. Akaweka kidole mahali kilipopasuka zamani kikashonwa kwa uzi, mshono mdogo mdogo, safi.

"Huu mshono ni wangu, Baba Kamene," akasema. "Nilimshonea Mukai mwaka ule wa njaa. Alikuwa anakuwekea maziwa humu."

Mukai ni marehemu mke wangu. Miaka minne sasa. Kibuyu hicho nilikiona tu kama kibuyu.

Mama Mumo hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema hatamwambia mtu. Alisema, "Kesho saa kumi na mbili nitakuwa langoni kwako. Utoke tutembee." Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja saa kumi na mbili kamili. Nimemwona kupitia pazia, pale nilipokata. Ameita mara mbili. Amengoja. Akapiga kijiti chini, akaita tena kwa sauti ya chini.

Sikutoka. Mtu atatembeaje kilomita nne na mtu anayejua? Angekuwa mbwa ndiye anayejua, ningeweza. Nimesimama kimya nyuma ya kiti mpaka alipoenda, na raba nilikuwa nimeshazivaa.

Hatua: 40.

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Sukari 19.4. Mwezi uliopita ilikuwa 14. Daktari ameuliza kama natembea, nikamweleza habari za mbwa kwa ukamilifu. Hakuandika hata neno. Akanivua soksi. Akachukua kitu kama sindano, akaniambia nitazame dirishani na niseme nikihisi maumivu. Nikatazama dirishani. Kulikuwa na mti wa jakaranda. Baada ya muda nikauliza ataanza lini.

Alikuwa amemaliza.

Nimesema hiyo si ndiyo vizuri, kutoumia? Ameniambia polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, kwamba kidole kinachouma bado kiko nami, na kisichouma kinaniaga. Nisile sukari, nioshe kidonda, nitembee na mtu wa kuniangalia. Nirudi tarehe 28. Kidonda kikiwa hivi hivi, nitaonwa na wale wa upasuaji.

Usiku Nzuki amepiga simu. Ameuliza ni mguu gani. Nimemwambia wa kushoto. Akasema basi vizuri, yeye amebaki na wa kushoto na mimi nitabaki na wa kulia, tutakuwa tunanunua viatu jozi moja. Nimecheka sana. Baadaye nimekaa na taa imezimwa.

Jumapili, 16 Machi

Macharia amekuja nyumbani baada ya ibada. Nimeona sasa nimejulikana. Nikatafuta maneno ya kukana, nikapata matatu mazuri.

Hakuja kwa hilo. Alikuja na mbwa. Ni mtoto wa Kamanda, wa miezi minane, mweusi kama baba yake, miguu mirefu kuliko akili. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema, "Mzee, unaishi peke yako, na hapa kijijini kuna mtu mbaya. Nimekosa usingizi kwa ajili yako." Akasema sala yangu ndiyo iliyowapa nguvu ya kubaki, walikuwa wameshafunga mizigo.

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Mdomo ulifunguka kabisa. Yaliyotoka ni ahsante.

Nimemwita mbwa Mita. Macharia ameniachia na kamba. Nimeitundika msumarini nyuma ya mlango, ni kamba nzuri, si ya kuharibu.

Jumanne, 18 Machi

Dawa ya moto ni moto! Sijui kwa nini sikufikiria hili tangu mwanzo.

Alfajiri nimemfunga Mita ile saa ya hatua shingoni kwa uzi, nikafungua lango, nikamwambia nenda. Mbwa kijana lazima anyooshe miguu. Ametoka kama risasi. Mimi nimekaa barazani, mguu juu ya kiti kama daktari anavyotaka, na chai. Sukari vijiko vitatu tu. Asubuhi tulivu, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Yapata saa moja nimesikia kelele. Ni Mama Mumo, amepanda juu ya ua wa mawe wa Ngui, kijiti kimeanguka, rinda limepasuka. Alikuwa amekata kona kuja kwangu, sijui kwa nini bado anakuja. Mita alikuwa chini anamrukia. Mtoto huyu hajui "lala".

Nimemwita kutoka barazani ili atulie. Nimesema, "Hana neno huyo, Mama Mumo. Anakusalimia tu."

Alimtazama mbwa, akaiona saa shingoni. Alinitazama mimi na kikombe changu kwa muda mrefu. Kisha akashuka upande wa pili wa ua, akachechemea kurudi kwao bila kijiti chake. Kuna watu hawajui kuishi na wanyama. Barabara si yake peke yake.

Mita amerudi saa tisa, amechoka, ana mfupa wa mtu mwingine. Hatua 19,406!

Jioni Kamene amepiga simu huku analia. Amewaonyesha wasichana wa kiwandani hesabu hiyo, wakanipigia makofi. Amesema alikuwa anaota mguu wangu kila usiku, na leo atalala. Ameuliza na kidole je. Nimemwambia kidole kiko sawa kabisa.

Sikudanganya. Nimekibonyeza sasa hivi kwa mpini wa kijiko, kwa nguvu, mara tatu. Sisikii kitu.