Mkataba Hauna Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Faili la mkataba wa haki za watu wenye ulemavu limerudi mezani kwangu salama salimini. Serikali ilitia saini miaka tisa iliyopita, na tangu hapo mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Kuridhia. Watu hawaelewi tofauti. Kutia saini ni posa. Kuridhia ni ndoa, na ukishaoa unaulizwa ulikuwa wapi. Mkataba ukiridhiwa, serikali itadaiwa ripoti. Pia kamati itavunjwa, nami nitarudishwa masjala, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Sasa hivi ninayo mawili.

Bunge linafungwa Ijumaa. Nikilizungusha faili siku tano tu, nimepona mwaka mzima.

Jioni, shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, anakaa kwetu, mwalimu wa hesabu, anatumia kiti cha magurudumu. Shule ilimpa kazi, kisha ikasita, kwa kuwa kuingia madarasani kuna ngazi kumi na moja. Mwalimu mkuu kasema hana neno naye, ila hakuna kinachomlazimisha kujenga njia ya mteremko. Serikali ikiridhia mkataba, atajenga. Nafasi anamshikia hadi mwisho wa mwezi, basi. Shemeji akaniuliza mkataba umefika wapi. Nikamwambia uko mbioni. Akataka kujua ni mbio gani hizo za miaka tisa. Mke wangu akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimepeleka faili Hazina, watoe makisio ya gharama za njia za mteremko nchi nzima. Hazina huchukua miezi minane kujibu salamu. Leo wamejibu saa tano asubuhi: hawana pingamizi. Kumbe wana ofisa mpya. Hakuna aliyemfundisha kazi.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya. Nimeita kikao cha wadau, ghorofa ya nne. Lifti ni mbovu. Wasipofika, naandika kwamba wadau hawakutokea, faili linasubiri.

Wamefika. Watu kumi na wanne wa chama cha watu wenye ulemavu mlangoni chini, shemeji akiwa katibu wao, na barua: kila mmoja ana maoni, mwenyekiti ashuke. Nikawajibu kwamba utaratibu hauruhusu kikao kufanyika kwenye korido. Mwanasheria wa wizara, tunayemwita Bwana Nukta, akashuka. Alikaa nao saa mbili, akapanda na kurasa sita, akaziambatisha kwenye faili kwa mbwembwe zote. Simwamini hata kidogo. Anayataka madirisha yangu.

 

Alhamisi, 6 Machi

Vita vya maoni. Kwetu kila maoni huandikwa kwenye karatasi yake, hupewa namba, na faili huzunguka upya ofisi zote. Nukta kaandika kwamba Ujenzi waulizwe. Nikaandika kwamba Elimu pia. Yeye akaandika kwamba tujifunze kwa majirani. Nikaandika kwamba nitumwe mimi kwenda kujifunza. Kufika saa tisa na nusu yeye kaandika ya tisa, kisha ananitazama. Mimi nimwachie neno la mwisho mtu aliyeajiriwa juzi? Nikaandika ya kumi: pambizo za ukurasa wa arobaini ni nyembamba mno. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Katibu Mkuu ameniita asubuhi na mapema. Kuna waraka wa wizara: faili likifikisha maoni kumi limejadiliwa vya kutosha, lisizungushwe tena, lipelekwe kwa Waziri siku hiyo hiyo. Nikamwuliza ni mpumbavu gani aliyeandika waraka huo. Akanionyesha saini. Ni yangu. Niliuandika zamani nikiwa masjala, rafu zilipojaa.

Nukta alikuwa anaujua. Alinisubiri niandike ya kumi kwa mkono wangu mwenyewe.

Bunge limeridhia saa nane mchana. Hakuna aliyepinga. Kamati imevunjwa.

Jumanne, 25 Machi

Masjala. Taa moja, panya wawili. Shemeji alianza kufundisha jana. Alirudi na chaki kwenye mikono ya nguo, akazungumza mlo mzima, na mke wangu alicheka, jambo ambalo sijalisikia siku nyingi. Hata mimi nilifurahi, nikiri.

Habari kubwa ni hii: itaundwa Kamati ya Kusimamia Utekelezaji! Mwenyekiti lazima awe na barua ya kuungwa mkono na chama cha watu wenye ulemavu. Nikamwomba shemeji hapo hapo mezani. Hakukataa. Alisema ombi langu limepokelewa na linashughulikiwa, ila kila mwanachama atoe maoni kwanza, na faili limeshafunguliwa, nipitie tena baada ya miezi mitatu.

Nimefarijika sana. Hatimaye familia imepata mtu anayejua kazi. Mke wangu akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwuliza ni nani anaumwa.

Nimeshaandaa pendekezo langu la kwanza kama mwenyekiti: njia nyingine za mteremko zisubiri utafiti.