Sauti ya Mzee Erastus

Jumatatu, 12 Agosti

Awinja amerudi kutoka kwao Khwisero na katoni ya santuri za marehemu baba yake. Mama mkwe amemtuma aniambie niziingize kwenye kompyuta. Kwa nini mimi? Kwa sababu mwenye cheti cha kompyuta katika ukoo huu ni mimi. Oliver, aliyemwoa Phoebe, mdogo wake Awinja, ana gari tu.

Jumamosi ni ukumbusho wa Mzee Erastus, mwaka mmoja tangu tumzike. Katikati ya santuri hizo kuna moja ndogo, mzee akiimba na kwaya ya kanisa, yeye mbele, wengine wakiitikia. Hakuna nyingine kama hiyo popote. Mama mkwe anataka kuisikia sauti ya mume wake tena kabla naye hajaitwa. Hayo ni yake. Yangu ni firigisi. Siku ya mazishi ingokho, kuku wetu wa wageni, ilipopakuliwa, firigisi, kipande cha mkwe wa heshima, ilienda kwa Oliver, mimi nikapewa shingo. Mwaka mzima, na bado naiona ile shingo.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeazima mashine ya santuri kwa jirani, Mwalimu Cleophas. Waya wa kuingia kwenye kompyuta umeshika. Lakini kazi yenyewe, jamani! Santuri ikiimba nusu saa, nawe unakaa nusu saa. Nani ana muda huo? Nimepata njia. Zile kubwa, ambazo huzunguka polepole, nazichezesha kwa mwendo wa kasi wa zile ndogo, zikimbie, halafu kompyuta izipunguze mwendo baadaye. Cleophas akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ndiyo maana hajapandishwa cheo. Akaondoka bila kumaliza chai.

Ile ndogo ya mzee nimeicheza kwa mwendo wake halali. Imeingia vizuri. Kisha nikaziweka zote pamoja, kubwa na ndogo, kompyuta ikazipunguza mwendo kwa mpigo mmoja. Sikuzisikiliza. Fundi anayejiamini hasikilizi.

Alhamisi, 15 Agosti

Santuri zina vumbi la miaka. Siwezi kumrudishia mama mkwe vitu vichafu hivyo. Nimeziosha kwa sabuni ya unga, nikazianika kwenye turubai kando ya mahindi. Nikaenda mjini kunyolewa. Kinyozi akakawia, ana siasa nyingi.

Niliporudi, jua lilikuwa limezikunja zote kama majani ya ndizi, na kuku amesimama juu ya moja. Ile ndogo pia. Awinja alizitazama kwa muda, akauliza baba yake yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko ndani ya kompyuta, salama kuliko alivyokuwa kwenye katoni. Obusuma, ugali wetu, nimejipikia mwenyewe, na ulikuwa na madonge.

Jumamosi, 17 Agosti

Khwisero. Watu wamejaa. Oliver alileta spika ndefu kama milango, akazisimamisha pale pale kando ya kaburi, akazipangusa kwa kitambaa ili watu waone ni za nani. Mama mkwe alikaa hema la wanawake. Mimi nilikaa mwisho wa hema la wanaume, nimempa mgongo. Mkwe na mama mkwe hawasogeleani, sembuse kugusana.

Pasta alitangaza kwamba sasa mzee mwenyewe atatuimbia. Nikaenda kwenye spika, nikachomeka flashi yenye nyimbo, nikarudi mahali pangu.

Mzee alikuwa na sauti nyembamba, ya juu. Iliyotoka kule kaburini ilikuwa nzito, ya kuburuta, kama fahali aliyeanguka shimoni. Kompyuta ilikuwa imempunguza mwendo hata yeye, ambaye hakuwa na haraka yoyote. Kosa nililiona mara moja. Wenzangu hawakuona kosa, walichoona ni mzee anatoka. Wapishi waliacha sufuria. Pasta alikemea kwa jina la Yesu huku akirudi kinyumenyume. Mama mkwe alikimbia bila kutazama mbele, akanigonga kifuani, akanishika kwa mikono miwili.

Waliokuwa wakikimbia wakasimama. Hata Oliver alikuwa amezima spika zake.

Wazee walikaa kikao hapo hapo. Nitaleta mbuzi wa kuondoa hiyo aibu. Mama mkwe, akiiangalia nguzo ya hema, alisema kuna mtu aambiwe kwamba yeye aliomba mume wake, hakuomba zimwi. Nguzo ikaupokea ujumbe, nami nikaupokea. Firigisi ikaenda kwa Oliver. Safari hii hata shingo sikuiona.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemweleza Awinja kwamba walioharibu ni spika za Oliver. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni, mpaka nikairudisha sauti kwenye mwendo wake. Mzee akasikika, yule yule. Awinja alilia. Nami nikapenga kamasi, nadhani ni mafua ya Jumamosi.

Jumatano, 21 Agosti

Jana Awinja aliibeba kompyuta mpaka kwa mama yake. Amerudi leo asubuhi. Anasema mama alitaka arudishiwe pale mwanzoni, tena na tena, wimbo wenyewe hakuufikia. Mara anacheka, mara anajifunika uso kwa leso. Sasa anataka apelekewe flashi Jumapili, awe anasikiliza kwenye redio yake kila jioni.

Nimelifikiria jambo hili. Mtu harudii mwanzo namna hiyo kama hakuna kasoro. Nimesikiliza kwa makini, na kweli ipo. Kabla ya kuimba, mzee anakohoa, anasafisha koo, halafu anacheka kidogo na kumwambia mwenzake asogee. Kwenye wimbo wa kanisa! Maskini mama, aibu ilimfunga mdomo, hakuweza kusema wazi.

Nimekata yote hayo. Sasa unaanza wimbo moja kwa moja, safi. Nimehifadhi juu ya ile ya zamani, kwenye kompyuta na kwenye flashi, kusiwe na mkanganyiko. Awinja yuko sokoni. Simwambii kitu mpaka Jumapili, nataka yeye na mama yake wafurahi pamoja.