Kura ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua jambo! Sheria inasema vikao vya baraza la mji ni vya wazi. Mtu yeyote anaingia. Hata mimi! Nimeisoma kwa lugha ya darasani na kwa lugha ya nyumbani, na zote mbili zinakubaliana. Jumatano wanapigia kura hoja ya kukigeuza chumba cha kusomea cha maktaba kiwe ofisi ya pili ya mwenyekiti. Ya kwanza ina kasoro gani? Sijui. Ninachojua ni kwamba mtihani ni Mei, nyumbani kuna mapacha wa miaka mitatu, na chumba kile ndicho mahali pekee ninapoweza kusoma ukurasa mzima. Mpango: niende, ninyooshe mkono, niulize swali moja. Nimemwambia kaka. Amecheka mpaka akakaa chini. Eti Kobe, ndivyo anavyoniita, anayeshindwa kuomba chumvi mezani ndiye atakayelihoji baraza?

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda. Laiti ningebaki! Benchi la wananchi lipo, ila limejaa mafaili na vumbi. Nikajipenyeza kwenye kiti kitupu mwisho wa safu ya madiwani, nyuma ya yule mwenye mabega kama kabati. Hakuna aliyeniona. Ni kipaji changu. Nikawachunguza wote wanane. Mmoja alikuwa anachora samaki kwenye ajenda. Mwingine amevua kiatu. Kumbe mji unaendeshwa hivi? Nusu saa nzima nilikuwa najikusanya. Masikio yameziba, sisikii hata mwenyekiti anauliza nini. Hatimaye mkono ukapanda! Sijanyoosha mkono tangu darasa la tatu. Hakuna aliyeniuliza nina swali gani. Karani, mwenye miwani ya kioo kimoja, alikuwa anahesabu. Wanaounga mkono hoja: watano. Wanaopinga: wanne. Imepita.
Kaka anaamini sikwenda. Nimemwacha aamini.

Alhamisi, 6 Machi
Tano na nne ni tisa. Madiwani ni wanane. Wangefungana nne kwa nne, na hoja ikifungana huanguka. Basi chumba kimefungwa na nani? Na mimi! Kwa mkono huu huu unaoandika. Leo mkutubi ameanza kufunga vitabu kwa kamba, bila hata kunikaripia nilipoangusha kiti. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikamshikia kamba.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya. Kumbukumbu za kikao hukaa wazi siku saba, na mtu anaweza kuzipinga kwa barua. Nimeandika, bila jina: madiwani wanane, kura tisa, rudieni. Nimetumia lugha ya darasani, maneno mazito mazito, wadhani ni mwanasheria. Nimeisukuma chini ya mlango wa karani. Mpango hauna tundu!

Jumamosi, 8 Machi
Una tundu. Karani amepiga hodi kwetu. Amemwambia mama kapata barua ngumu, na msomi wa mtaa huu ni mwanawe, nimsaidie. Nikaitafsiri barua yangu mwenyewe mbele ya mama, kaka na mapacha! Karani akasema aliyeandika ana maringo, lakini hesabu anaijua. Akahesabu madiwani kwa vidole, akarudia, akashika kichwa. Jioni tangazo likabandikwa: kura itarudiwa Jumanne. Sasa mji mzima unauliza mkono wa tisa ni wa nani. Kaka anasema akimpata atamkata masikio. Nikamuunga mkono. Kwa mdomo tu.

Jumanne, 11 Machi
Ukumbi umefurika! Mafaili yameondolewa, benchi halikutosha, watu wamekaa madirishani. Wote wamekuja kumwona mwizi wa kura. Chini ya macho yote yale hakuna diwani aliyechora samaki. Wakaitwa jina kwa jina. Walioiunga mkono hoja: sifuri! Hata mwenyekiti aliipinga. Eti yeye tangu utotoni ni mtu wa vitabu. Mkutubi alilia. Kisha mwenyekiti, akitafuta pa kumalizia hasira, akaunda kamati ya kumchunguza mwenye mkono. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Kweli, goti moja lilishanyooka. Bibi aliyekaa mbele yangu akasema huyo mtu apatikane tu, afunzwe adabu. Goti likarudi.

Jumatano, 12 Machi
Karani amekuja tena. Kamati inaanza kesho, kikao cha wazi, na wanatafuta kijana mwenye mwandiko mzuri wa kuandika kumbukumbu. Amenisifu kwa mama: mtulivu, hana makuu, usoni hafichi kitu. Nilipaswa kukataa, najua. Lakini fikiria! Nitamsikia kila shahidi, kila tetesi, kila wanachokijua juu yangu. Nani angekataa kujua? Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Nitaandika kila jambo kwa uwazi kabisa, jina kwa jina, isipokuwa moja.